Moshi wa Sukari

Neema alikuja kwenye taazia ya mume wangu siku ya pili, kabla ya adhuhuri, amejitanda mtandio mweusi vizuri kabisa, vizuri kuliko baadhi ya wifi zangu. Wanawake walikuwa wamejaa mikekani kutoka sebuleni hadi barazani, chupa za chai zinazunguka, tende zinapita kwenye sahani. Akavua viatu mlangoni, akapita katikati yao kama mtu anayeijua nyumba, na kwa kweli alikuwa anaijua, akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono yote miwili, akalia. Alilia kwa sauti. Mimi mjane mwenyewe, niliyevaa nyeupe, macho yangu yalikuwa makavu kwa sababu nilikuwa nimelia yote hospitalini. Nilimtazama akilia, na wivu ukanipanda. Unamlilia nani, wewe? Huyo ni wangu. Mtu ataniuliza, Habiba, hata maiti unamwonea wivu? Ndiyo. Hata maiti.

Shukri, dada wa marehemu, alinifinya paja. "Abaayo, dada, si huyu ni yule wa filamu?" akaninong'oneza kwa Kisomali. Nikamwambia ndiye. "Ameota mvi," akasema Shukri. Nikamjibu kwamba sote tumeota mvi, lakini sitadanganya, nilifurahi kuziona zake. Halafu nikamsogezea mgeni mto aegemee, nikaagiza aletewe chai, kwa sababu mgeni ni mgeni, na moyo wangu ukarudi mbio hadi mwaka ule ambao nilidhani nimeuzika zamani.

Ulikuwa mwaka ambao Idris alirudi kutoka ng'ambo ya mpaka. Alikuwa dereva jeshini, anaendesha malori ya kubeba mahitaji ya wanajeshi, na aliporudi aliambiwa akapumzike nyumbani mpaka atakapoitwa. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Garissa, upande wa Bulla Iftin, paa la mabati, sakafu ya saruji, na mwarobaini mmoja uani ambao ndege makongoti waliufanya choo chao. Ndani kulikuwa na magodoro ya kukalia yaliyopangwa ukutani, mito ya rangi ya damu ya mzee, na pazia nililoshona mwenyewe likitenganisha pa kulala na pa kukaa. Binti yetu Ifrah alikuwa ndiyo kwanza anatambaa. Mimi nilikuwa mwalimu mgeni wa shule ya msingi, nafundisha Kiswahili, tena nilijiona mjanja wa lugha, nasahihisha hata matangazo ya redio. Asubuhi nilimwandalia Idris anjera, mikate myembamba ya kwetu, na maini, akala mbili, akasukuma sahani. Mchana basta, yaani tambi, na nyama ya mbuzi, akachagua nyama, akasukuma sahani. Nilikuwa napika chakula kizima na kuosha chakula nusu. Hakunipigia kelele hata siku moja. Afadhali angenipigia, kwa sababu mtu anayekupigia kelele angalau yuko na wewe chumbani.

Hapa lazima nieleze jambo moja kwa msomaji ambaye si wa kwetu. Kwetu mwanamke hamwambii mumewe kwa mdomo kwamba anamtaka. Anawasha chetezo. Anaweka makaa, juu ya makaa anaweka uunsi, yaani ubani uliopikwa na sukari na mafuta mazuri mpaka ukaganda kama kashata, na moshi wake unaingia kwenye mapazia, kwenye shuka, kwenye nywele. Mwanamume akiingia akikuta chumba kimefukizwa, ameambiwa kila kitu. Mama yangu kule Tarbaj alikuwa anapika uunsi ambao watu waliufuata kutoka Wajir mjini. Alitia sukari nyingi kuliko wengine, akaiacha iungue kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa siri yake. Alipofariki hakuniachia mbuzi wala dhahabu. Aliniachia mkono wa kupika uunsi, na mimi niliringa nao kuliko wenye dhahabu.

Basi Idris aliporudi, nilifukiza. Akaingia, akasimama mlangoni, akageuka, akaenda kukaa uani juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa. Nikadhani amechoka. Nikafukiza tena siku nyingine, akatoka tena. Nikaanza kufukiza na nguo zake, kanzu, vikoi, hata begi lake la jeshini, na yeye akaanza kulala sebuleni kwenye godoro la wageni, dirisha wazi, mbu wakimla. Mwanamke wa kwetu akifanyiwa hivyo anaelewa jambo moja tu, kwamba amekataliwa. Sikuwa na pa kulipeleka. Nilimwambia Shukri, na Shukri hakuwa mtu wa kupoza moto. "Askari hao huwa wanapata wanawake huko," akasema, anapepeta mchele. "Ongeza uunsi. Wako ni wa kumrudisha hata mtu aliyekwenda Hijazi." Nikaongeza. Wallahi niliongeza mpaka majirani wakawa wananiuliza kama nina arusi.

Katikati ya hali hiyo ndipo watu wa filamu walipoingia mjini na magari yao mawili na masanduku ya taa. Walitaka kutengeneza mchezo kuhusu askari anayerudi kutoka vitani na mke anayeshindwa kumtambua. Walihitaji askari wa kweli wa kumfundisha mwigizaji wao kushika bunduki na kutembea, mtu akawatajia Idris. Nikashangaa alivyokubali haraka. Mwigizaji mwanamke ndiye alikuwa Neema, msichana wa Nakuru, mrefu, ana meno ya kucheka. Mwongozaji akaja kuniomba kwa adabu kwamba Neema awe anashinda kwetu, aone mke wa askari anaishi vipi. Nikamwambia anaishi kama mke wa mtu yeyote, ila chakula chake kinarudi jikoni. Neema akacheka. Akaandika maneno yangu kwenye simu yake, na nikajuta kuyasema.

Alikuja kila asubuhi. Akawa anajifunza kupika anjera, zinatoka na matundu kama soksi ya mzee. Shukri alimwonea huruma, akawa anamjazia sahani, kwa Kiswahili chake kisicho na 'p', "Kula basta, wewe mwembamba sana, kula usiogobe," na Neema anakula yote, analamba vidole, kisha anabeba Ifrah mgongoni kwa leso kama mama zao wa bara. Mtoto akampenda. Hilo nililivumilia. Aliniomba nimfunge shaash, kitambaa cha kichwani cha mwanamke aliyeolewa, nikamfunga mimi mwenyewe mbele ya kioo changu, na kikamkaa kuliko kinavyonikaa. Hilo pia nililivumilia, ingawa usiku huo nilikifua mara mbili. Lakini mimi nilikuwa naondoka kwenda shule asubuhi, na wao wanabaki. Ninaandika ngeli ubaoni, wanafunzi wananikili, na mimi akili yangu iko chini ya mwarobaini wa nyumbani kwangu.

Siku moja ya mapumziko aliniomba nimfundishe kupika uunsi. Nilifurahi, kwa sababu hapo nilijua hawezi kunishinda. Nikawasha jiko uani, nikamwaga sukari kwenye sufuria, nikamwonyesha namna ya kuingoja ibadilike rangi, isiwe njano, isiwe nyeusi, iwe kahawia ya ngamia, kisha kuitia ubani uliopondwa. Harufu ikajaa ua mzima. Idris alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Aliinuka kamba moja ikiwa haijafungwa, akatoka mlangoni, na hakurudi mpaka Magharibi. Mimi nikaona aibu mbele ya mgeni, nikajifanya nakoroga. Neema hakujifanya. Alitazama mlango, akatazama sufuria, akatazama mlango tena. "Mwalimu," akaniuliza, "mbona kaka ameondoka hivyo?" Nikamwambia ana shughuli zake, akamate mwiko vizuri, sukari inaungua.

Baada ya hapo mambo yakabadilika. Nikirudi kutoka shule, nawakuta wamekaa chini ya mwarobaini, yeye kwenye mkeka, Idris juu ya mtungi wake, chai imepoa kwenye vikombe. Wakiniona wananyamaza. Siku moja walimu walitawanyika mapema, nikapitia uchochoro wa nyuma, na kabla sijafika mlangoni nikamsikia Idris anacheka. Anacheka! Nilishika ukuta. Tangu arudi, mimi niliyemzalia, niliyemchinjia kuku kila Ijumaa, sikuwahi kupewa hata tabasamu la kukopa, na hapa anamchekea mtoto wa watu kwa sababu amesema ngamia anafanana na mwalimu wao wa hesabu. Kisha kicheko kikaisha, sauti yake ikashuka, akawa anasema kwa muda mrefu, maneno ambayo sikuyapata kwa sababu punda wa mkokoteni wa maji alikuwa analia. Punda alipomaliza, nikasikia mstari mmoja. Idris alisema, "Lakini Habiba usimwambie. Niahidi." Na Neema akajibu, "Nimeahidi."

Sijui niliingiaje ndani. Nakumbuka niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Kilichoniumiza zaidi, na mtu asiyejua lugha hawezi kunielewa, ni kwamba alikuwa anazungumza Kiswahili. Kiswahili chake cha kambini, kilichonyooka kama amri, ambacho nilikuwa namtania nacho kila siku kwa ngeli zake mbovu. Mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili nyumbani kwake, na siri zake alizichukua akaenda kumwambia mwingine kwa Kiswahili! Kwangu alibakiza Kisomali cha chumvi iko wapi na mtoto amelala. Nilipomweleza Shukri, aliweka kikombe chini polepole. "Anataka kumuoa," akasema. "Msichana atasilimu, yeye atamuoa, na dini imemruhusu. Wewe utafanya nini? Utaenda polisi?" Nikamwambia nitakufa. "Huwezi kufa, una mtoto ananyonya," akasema Shukri. "Mrudishe mumeo."

Nikaamua kumrudisha kwa njia niliyoijua. Alhamisi hiyo nilipika uunsi kama mama yangu alivyonifundisha, sukari nyingi kuliko siku zote. Nikaoga, nikapaka hina, nikafukiza chumba, pazia, shuka, kanzu yake ya Ijumaa, nikafunga madirisha ili moshi usitoke. Alasiri aliporudi kutoka kwa watu wa filamu nilikuwa nimekaa kitandani kama bibi arusi. Aliinua pazia. Uso wake ulibadilika rangi, akajishika ukutani, akatapika pale pale juu ya mkeka mpya. Halafu akafuta mdomo kwa mkono, akakusanya nguo mbili ambazo hazikufukizwa, akaniambia, "Naenda Wajir kwa mama. Nisamehe." Nikamtupia chetezo. Kilimkosa, kikapasuka mlangoni, makaa yakatawanyika, na yeye akarudi, akamwagia maji kila kaa kabla hajaondoka. Mimi niliona mwanamume anayezima ndoa yake. Ndivyo nilivyomsimulia kila mtu.

Miezi ikapita. Neema na wenzake walimaliza kazi, wakaondoka. Alinikumbatia kwenye kwaheri, nikasimama kama nguzo. Idris alikuwa anapiga simu kutoka Wajir, anamuulizia Ifrah, anamsikiliza akibwabwaja hooyo na aabo, mama na baba, kisha ananiuliza kama nahitaji kitu. Nilijibu sihitaji. Nilikuwa nangoja habari ya ndoa yake tu. Kila simu ikilia, nasema ndiyo hiyo. Wajomba zangu walishaanza kuzungumzia talaka kwa sauti ya chini, wakidhani nipo jikoni sisikii. Mmoja alisema nirudishwe Tarbaj kabla sijaaibishwa na mke wa pili wa bara, mwingine akauliza mtoto atabaki na nani.

Mwishoni mwa mwaka filamu ikaletwa Garissa ionyeshwe kwa wenyeji. Walichagua ukumbi mmoja mkubwa, mchana, wakaziba madirisha kwa mablanketi, wakatundika kitambaa cheupe. Joto lilikuwa la kuoka mkate. Wanawake tulikaa upande wa kushoto, wanaume kulia. Sikwenda kwa kupenda. Nilikwenda kwa sababu Shukri alisikia Idris ameshuka kutoka Wajir kwa ajili hiyo, na mimi nilitaka kumwona anavyomtazama yule mwanamke kwenye kitambaa. Nikakaa pembeni ili nimpate vizuri. Alikuwa amekonda. Neema mwenyewe alikuwa mbele na mwongozaji, hakugeuka.

Filamu ikaanza, na nikaanza kukosoa. Anjera anazigeuza, nani amemwambia anjera inageuzwa? Mtoto anambeba kibara. Wanawake waliokuwa karibu nami wakacheka, nikapata moyo, nikaongeza. Kisha ukaja mchana ndani ya filamu, chumba, pazia kama langu, na mwanamke yule amefungwa shaash, mkunjo wangu kabisa, nikaujua. Anawasha chetezo. Anakishika kama nilivyomwonyesha, kwa chini, kidole gumba nje. Mumewe anainua pazia. Anasimama. Mke anamtazama na mkono wake unasimama hewani, halafu haulizi kitu, anachukua jagi la maji na kumwaga juu ya makaa. Mume anakaa chini mlangoni. Anasema taratibu, kwa Kiswahili cha kambini, kwamba lori lililokuwa mbele yake lilikuwa limebeba sukari. Magunia ya sukari na askari wawili, rafiki zake. Lilipopigwa likawaka, naye akakaa nyuma ya usukani wake hawezi kwenda mbele wala nyuma, na sukari ikaungua pamoja nao kwa muda mrefu sana. "Harufu ilikuwa nzuri," yule mwigizaji akasema. "Hilo ndilo siwezi kumwambia mtu. Ilikuwa harufu ya nyumbani kwangu."

Shukri alinishika mkono na mkono wake ulikuwa wa baridi katika joto lile. Nikageuza shingo upande wa wanaume. Idris hakuwa anatazama filamu. Alikuwa ananitazama mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Msidhani nilimkimbilia. Nilikwenda nyumbani kwa miguu nikiwa nimewaka. Alinifuata nyuma, hatua chache, kama mkosaji. Tulipofika uani niligeuka. "Mwaka mzima!" nikamwambia. "Mwaka mzima nafukiza nyumba kwa moto wa wenzako, na wewe unamwambia msichana wa Nakuru! Kwa nini hukuniambia mimi?" Akakaa juu ya mtungi wake. "Ungeacha," akasema. "Si ndiyo, ningeacha!" "Sikutaka uache, Habiba. Ni ya mama yako. Nilitaka nipone mimi, nirudi niikute." Nikamwambia yeye ni punda. Akakubali. Nikaingia ndani, nikatoa mikebe yote ya uunsi, nikampelekea Shukri, na alipoipokea hakusema neno, jambo ambalo kwa Shukri ni muujiza. Idris hakurudi Wajir.

Hakupona kabisa. Miaka yote tuliyoishi baadaye, nyumba yangu haikuwa na harufu isipokuwa sabuni na hiliki. Wageni wakija wamefukizwa, nawakaribisha, wakiondoka nafungua madirisha yote kabla Idris hajaingia, naye anaingia, anayaona yako wazi, na anajua. Hakusema asante. Lakini alikuwa anamaliza anjera zake. Na wivu wangu, nao, ulibaki pale pale. Nilipata mume, nilipata amani, nikapata watoto wengine wawili, na bado nikilala nilikuwa najiuliza ni kitu gani yule mwanamke alikuwa nacho ambacho mimi sikuwa nacho. Aliona kwa siku moja, mbele ya sufuria, kitu nilichoshindwa kukiona miezi.

Basi siku ile ya taazia, wanawake walipoinuka kwenda kuswali, tukabaki wawili, nikamuuliza. Sikuzunguka. "Kwa nini wewe?" Neema aliweka kikombe chini. "Kwa sababu mimi kama ningemwogopa, ningerudi zangu Nakuru," akasema. "Aliniambia hivyo mwenyewe. Wewe ungemwogopa ukiwa umelala kando yake." Kisha akasema kwamba Idris alimsihi jambo la sukari lisiingie kwenye filamu, na yeye alimwambia limeshatolewa. "Nilimdanganya, Mwalimu. Nilitaka ulione." Alinitazama akingoja, sijui alitarajia nimpige au nimbusu. Sikumshukuru. Nilimwongezea chai, nikamtilia sukari bila kumuuliza, na akainywa.

Eda yangu iliisha kabla ya mvua. Siku ya kutoka, Shukri na wanawake wa mtaa walikuja kunivua nyeupe, wakaniogesha, wakanivika dirac, gauni letu jepesi la sherehe, ya zambarau, wakinitania kwamba bado ninalipa. Katika vicheko hivyo Ifrah akaingia kutoka uani, msichana mzima sasa, ananizidi kimo, amebeba chetezo kwa mikono miwili. Alikuwa amepika uunsi mwenyewe, shangazi yake amemfundisha, na alitaka kunishangaza. Moshi ukapanda, ukaingia kwenye mapazia, na nyumba yote ikawa harufu ya mama yangu. Sikufikiri. Nilijikuta nimeshainuka, jagi liko mkononi, nimeshamwaga maji, na makaa yanalia ndani ya chetezo. Ifrah alikuwa amelowa hadi viwiko.

"Hooyo," akaniambia taratibu, "aabo hayupo."

"Najua," nikasema, nikaenda kufungua madirisha.